Kibandiko Kinasema Toleo la Pili

Zahanati ya Ha Mokhethi
4 Mei 2019

Mwanangu Tšeliso,

Nakusalimu wewe na wote unaokula nao huko Stellenbosch. Sisi huku milimani tupo, tunapumua, ingawa magoti yangu yanapumua kwa sauti kuliko mimi mwenyewe. Ndugu yako Bokang yuko Maseru, amepata kazi ya kufundisha darasa la tatu, na tayari analalamika kama mwalimu anayesubiri kustaafu. Mahindi tumeshavuna, si haba. Blanketi ulilonitumia lilifika na ndege ya dawa, na rubani nusura abaki nalo. Asante sana, mwanangu. Najifunika mpaka mchana wala sioni haya.

Ninalotaka kusema si kubwa, kwa hiyo usiache chakula chako kikapoa. Unakumbuka ile radi ya Januari iliyoua kondoo wa chifu? Iliipiga na friji yetu ya chanjo. Friji ikapakiwa kwenye ndege, ikaenda karakana ya serikali Maseru, ikarudi mwezi wa tatu inaunguruma vizuri. Juma lililopita baridi ya kwanza imeshuka. Asubuhi nimefungua mfuniko nikakuta kile kidude kinachokaa katikati ya chanjo, chenye alama ya tiki, kimegeuka msalaba. Maana yake humo ndani kumeganda. Nikatikisa chupa moja ya pepopunda nikaisimamisha mezani, unga wake ukazama chini upesi kama mchanga. Chanjo ya namna hiyo imeshakufa. Nimezitupa zote. Akina mama waliovuka mto na watoto mgongoni nimewarudisha mikono mitupu, na mmoja wao hakuniaga.

Ntate Sehlabo, msimamizi wetu wa wilaya, ameuliza maswali yake. Ni kazi yake kuuliza. Mimi nina langu moja tu, maana ubavuni mwa friji nimeona jina la kampuni unayofanyia kazi. Je, friji inaweza kuugua ugonjwa usioonekana kwa nje? Kibandiko chake kinasema toleo la pili, na namba yake ndefu nimeinakili nyuma ya karatasi hii. Ukipata nafasi nijibu. Usipopata, pia sawa.

Ni mimi shangazi yako,
'Mabokang


Stellenbosch
18 Mei 2019

Shangazi yangu mpendwa,

Nakuamkia kwa heshima zote. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, kisha nikaketi nikaisoma tena. Mimi ni mzima. Huku mvua zimeanza na nguo hazikauki. Jumapili nilipika papa, ugali wetu wa nyumbani, na mboga za majani, nikamkaribisha Anneke, yule dada ninayekaa naye meza moja kazini. Alikula vizuri mpaka nilipomwonjesha motoho, ule uji wetu mchachu. Alimeza kwa adabu, lakini uso wake ulisema mengine.

Kumbe friji yako ni mtoto wangu, Shangazi. Sijawahi kukueleza kazi yangu ikaeleweka, leo najaribu. Ndani ya friji kuna bodi, yaani ubao mdogo wenye chipu, na kila chipu ina kazi yake. Moja inapima joto la ndani, nyingine baridi ya nje, nyingine inawasha mota, nyingine inawasha hita ndogo ya kuzuia chanjo zisigande baridi ya nje ikizidi. Chipu hizo hazielewi Kisotho wala Kiingereza, kila moja ina lugha yake. Mimi naandika kiendeshi, ile sehemu ya programu inayosema na kila chipu kwa lugha yake, kuiuliza na kuiamuru. Anneke ndiye anayechora bodi zenyewe. Akibadilisha kitu, tunaiita bodi hiyo toleo jipya, na mimi nabadilisha kiendeshi.

Namba yako nimeitafuta. Kweli ni toleo la pili. Bodi hizo tunazo miaka mingi, na yako ilipita salama majira yote ya baridi ya mwaka jana. Nimesoma programu yake mstari kwa mstari, sikuona kosa. Naomba uangalie ule mpira unaozunguka mfuniko, usiwe umeingiwa na uchafu. Au pengine usiku ule mfuniko haukufungwa sawasawa, mtu amechoka, amesahau. Hilo humtokea yeyote.

Asante kwa kunifikiria katika jambo kama hili. Nimefurahi kuulizwa kitu na wewe, maana maisha yangu yote mimi ndiye niliyekuwa nauliza.

Mwanao,
Tšeliso


Stellenbosch
22 Juni 2019

Shangazi,

Salamu nyingi, na wasiwasi pia. Ndege imekuja na kurudi, barua yako sijaiona. Nimesikia kuna theluji huko juu, basi najiambia ni theluji. Bokang simu yake inaita tu.

Uko salama? Kuni zipo? Kama nilisema neno baya, niambie ni lipi. Unajua mimi ni mzito wa kuelewa kinachotendeka mbele ya macho yangu.

Mwanao,
Tšeliso


Zahanati ya Ha Mokhethi
29 Juni 2019

Tšeliso,

Wazima sote. Theluji ilikuwepo, na barua zako mbili zimefika kwa pamoja. Nashukuru kwa maelezo. Nimewaeleza watu hapa kwamba mtoto wangu ni dereva wa friji, na mzee Lekhanya ameniuliza unaendesha kwenda wapi, ikiwa friji yenyewe haitoki ghalani.

Mpira wa mfuniko ni safi. Mfuniko nilifunga mimi, kama ninavyoufunga kila siku tangu nilipokuja hapa nikiwa msichana. Ntate Sehlabo naye anasema kama wewe. Anasema kwa upole, "'Mè 'Mabokang, umri ni umri, hakuna anayekulaumu." Ningefurahi zaidi kama angenitukana. Tumeletewa chanjo nyingine, nazo zimeganda. Sasa nazitunza katika boksi la baridi, nabadilisha barafu kwa mkono kama zamani zile, na friji imekaa tupu kama jeneza.

Huenda mwezi wa nane nikapumzika kazi. Magoti haya, unajua.

Jambo moja tu halafu nakwenda kulisha kuku. Kwenye kile kioo cha friji ukibonyeza mara mbili unaona namba ya baridi ya nje. Asubuhi ndoo ya maji iliyo ghalani inakuwa na barafu ya kukatwa kwa shoka, na friji inaniambia nje ni nyuzi moja. Kesho yake, moja. Juzi farasi wa Lekhanya amekufa kwa baridi, friji inasema moja. Nimeichoka hiyo moja yake. Mwaka jana kabla ya radi ilikuwa ikisema hasi nne, hasi sita, tukawa tunacheka nayo. Fundi wa Maseru alituambia ameitia moyo mpya, kumbe ameitia na uongo.

Kula vizuri.

Shangazi


Stellenbosch
13 Julai 2019

Shangazi yangu, mama yangu,

Kabla ya salamu, nisamehe kwa ile barua ya Mei. Ulifunga mfuniko. Nilipaswa kuanza hapo, maana nimelala katika nyumba yako miaka yote ile na sijawahi kuona umeacha hata kopo la chumvi wazi.

Sasa salamu. Mimi ni mzima, Anneke anakusalimu, na leo nina furaha ya ajabu, kwa sababu ile moja yako imetueleza kila kitu.

Nilipofika pale "ametia moyo mpya" niliruka kitini. Fundi alitoa bodi iliyoungua akaweka bodi mpya, lakini sanduku ni lile lile, na kibandiko kiko juu ya sanduku. Bodi mpya zote za akiba tunazopeleka Maseru ni toleo la tatu. Halafu fundi, mtu mwangalifu kabisa, akasoma kibandiko, akatia kadi yenye programu ya toleo la pili. Sisi wenyewe tulimwelekeza hivyo kwenye kitabu cha maelekezo: soma kibandiko, tia kadi inayolingana nacho.

Katika toleo la tatu Anneke alibadilisha chipu ya kupima baridi ya nje, kwa sababu ile ya zamani ilikuwa haipatikani tena madukani. Hizo chipu mbili juu ya sifuri zinasema lugha moja. Ukizisikiliza Durban au Accra huwezi kuzitofautisha. Lakini zikishuka chini ya sifuri kila moja ina namna yake ya kutamka hasi. Basi chipu yako mpya inapiga kelele kila asubuhi, "hasi saba, hasi saba," na kiendeshi changu cha toleo la pili kinasikia namba kubwa isiyowezekana. Kinasema huyu amechanganyikiwa, kinaitupa, kinashika jibu la mwisho lililoeleweka. Jibu la mwisho lililoeleweka ni moja. Friji inaamini nje ni nyuzi moja, haioni sababu ya kuwasha hita, na chanjo zako zinaganda huku mfuniko umefungwa vizuri.

Programu ya pili haina kosa. Programu ya tatu haina kosa. Kosa ni kuamini kibandiko.

Nikakaa na Anneke tukajiuliza, je, bodi yenyewe haiwezi kuulizwa? Hapo nikakukumbuka wewe. Mgeni anashuka farasi, ana njaa, amejifunika blanketi zuri, nawe umesimama mlangoni na kibuyu cha motoho. Hulitazami blanketi, maana blanketi huazimwa. Unamuuliza, "Unacheza nini?" Akikutajia mnyama wa ukoo wake, akisema mamba, unamsemesha kwa namna yake na kumtania kwa utani wake. Akisema simba, kwa namna nyingine. Nilikuwa nakuona unachelewesha chakula bure. Kumbe ulikuwa unahakikisha husemi na mtu kwa lugha isiyo yake.

Basi nimeandika programu moja kwa bodi zote. Ikiamka, kabla haijaamuru chochote, inaiuliza bodi unacheza nini. Toleo la tatu lina jibu. Anneke aliweka rezista ndogo, vipande vya kuelekeza umeme, kwenye miguu mitatu ya chipu kuu, na kuisoma miguu hiyo ni kusoma namba ya toleo. Taabu ilikuwa toleo la pili. Zamani zile hakuna aliyefikiria jambo hili, ile miguu haikufungwa popote, inaning'inia, na ukiisoma inakupa lolote, leo tatu, kesho sita. Tukakwama. Ni Anneke aliyefumbua. Alisema, tuivute miguu juu kidogo kwa umeme tuisome, kisha tuivute chini tuisome tena. Mwenye jibu lake atabaki pale pale. Asiye na jibu ataelekea kila unakomvuta. Anayeyumba ndiye toleo la pili. Tumeijaribu kwenye kila bodi iliyoko kabatini na haijakosea hata mara moja. Sehemu hiyo ya programu nimeiita "unachezanini". Anneke akauliza maana yake, nikamweleza, akasema kwao wanacheza raga.

Ndani ya bahasha kuna kadi ndogo kama ukucha. Nyuma ya friji, chini ya kifuniko chenye skrubu mbili, toa kadi iliyopo uchomeke hii. Kisha zima, uwashe.

Kuna na bahasha ya pili, imefungwa, ina jina la ofisi ya wilaya. Bokang amenipigia. Shangazi, si magoti. Amesema kuna kikao tarehe kumi na nne Agosti cha kukuondoa kazini kwa uzembe, na kwamba ulimkataza kuniambia. Katika bahasha ile nimeandika yote niliyokueleza hapa na kutia sahihi. Wape wasome. Upande wangu usiuwaze.

Nakushukuru kwa ile moja uliyoichoka, na kwa mengine ambayo nikianza kuyataja sitamaliza.

Tšeliso


Zahanati ya Ha Mokhethi
2 Agosti 2019

Mwanangu mpenzi,

Nakubusu paji la uso. Bokang hajambo, nimeshamgombeza kwa mdomo wake mrefu, na nimeshamsamehe. Kuku wawili wameliwa na mbweha.

Kadi imefika. Skrubu moja ilikuwa na kutu, nikamwita Lekhanya na bisibisi yake, akaja na nusu ya kijiji kuja kumwona dereva anavyofanya kazi bila kuwepo. Nikazima, nikawasha. Friji ikanyamaza kidogo, bila shaka ikiulizana ukoo na bodi yake. Kisha nikabonyeza mara mbili na kioo kikaandika hasi saba. Tšeliso, nilicheka mpaka nikalazimika kukaa juu ya gunia. Nikasikia hita inawaka, tik, kama mtu anayeweka kikombe mezani. Tangu siku hiyo naweka chupa za maji tu ndani, nazipima kila asubuhi. Hazigandi. Lekhanya anasema friji imeacha ulevi. Asante, mwanangu. Asante na kwa Anneke, mwambie mtu anayejua kumfumbua asiye na jibu angefaa kuwa mkunga.

Sasa hiyo bahasha ya pili. Nimeifungua, kwa sababu mimi ndiye niliyekufundisha kuandika na siogopi mwandiko wako. Ni barua nzuri. Lakini karatasi haina nembo ya kampuni. Sahihi ni yako, peke yako, na hapo juu umeandika anwani ya chumba chako cha kupanga. Sikusoma sana, Tšeliso, ila karatasi kama hiyo naielewa. Wakubwa wako wamekukataza, na wewe hukunieleza.

Mimi nimebakiza miaka michache ya kazi. Wewe ndiyo kwanza umeanza. Barua hii sitaipeleka kwenye kikao. Usinibishie, maana hata ukibisha ndege hairudi hapa kabla ya tarehe yenyewe.

Shangazi yako


Stellenbosch
11 Agosti 2019

Shangazi,

Nimemtumia Bokang barua hii aitume kwa yeyote anayepanda na farasi, sijui itakukuta lini. Naomba uipeleke ile bahasha. Tafadhali.

Ni kweli, bosi alisema tusubiri mpaka Oktoba, majaribio yaishe na wanasheria wasome. Aliyoyasema baada ya hapo sitayaandika. Lakini Oktoba wewe utakuwa umeshafukuzwa, na zahanati nzima inaamini umeanza kusahau mambo. Nafuu wanifukuze mimi, nitapata kazi nyingine. Wewe jina lako utalipata wapi tena?

Sina la kuongeza. Samahani kwa mwandiko, naandika kwa haraka.

Tšeliso


Zahanati ya Ha Mokhethi
31 Agosti 2019

Mwanangu Tšeliso,

Salamu za amani. Kaa sasa, na mwite Anneke akae naye.

Barua yako ya farasi imenikuta kikao kimeshapita. Sikupeleka bahasha. Nilifanya hivi. Ntate Sehlabo alikuja kwa ndege na wenzake wawili, karatasi zao zimeshaandikwa, wamebakiza sahihi yangu tu. Nikawapa chai. Nikasema, nitatia sahihi, lakini naomba Ntate Sehlabo anisaidie kufunga friji leo, maana nasikia mimi husahau. Wenzake wakatazama chini. Nikarudisha kadi ya zamani, ile ya toleo la pili, nikajaza chupa za maji. Nikampa kufuli la ghala. Akafunga mfuniko kwa mkono wake mwenyewe, akakaza mnyororo, ufunguo akautia mfukoni mwa koti. Ndege iliondoka na wale wawili, yeye nikamlaza kwenye kitanda cha wazazi, pale wodini, kwa kuwa hakikuwa na mtu. Kijiji kizima kilijua msimamizi wa wilaya amelala leba.

Asubuhi alifungua kufuli lake. Chupa zimekuwa mawe, mbili zimepasuka. Kioo kinasema nje nyuzi moja, na yeye pua yake inatiririka. Alifungua chupa moja akaigonga kwenye ukingo wa friji kama anayedhani ni mazingaombwe. Nikatia kadi yako mbele yake, nikabadilisha maji, nikampa tena kufuli. Siku hiyo ndege haikuja, kwa hiyo alilala leba mara ya pili. Kulipokucha maji ni maji na kioo kinasema hasi tano. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "'Mè, nani aliyeijua hii?" Nikamwambia ni watu wawili walio mbali sana, mmoja anacheza mamba na mwingine anacheza raga. Hakuelewa, nami sikumfafanulia.

Zile karatasi alizichana mwenyewe akaziwashia jiko. Mbele ya wauguzi wote wawili na Lekhanya akasema, "Mfuniko ulifungwa." Maneno hayo mawili tu. Nilitoka nje nikalia nyuma ya zizi la kondoo, halafu nikarudi nikapika. Jumatatu tumechanja watoto wa ng'ambo ya mto. Yule mama ambaye hakuniaga alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

Basi mimi nimetoka salama, na wewe hujaguswa. Ningeishia hapo, barua ingekuwa tamu.

Lakini Ntate Sehlabo hakuondoka. Alikaa jikoni kwangu anazungusha kikombe, kisha akasema jina la mtu. Relebohile. Ni muuguzi kijana wa zahanati ya bonde la pili. Mwaka jana friji yake ilipigwa radi, ikaenda karakana, ikarudi na moyo mpya, na wakati wa baridi chanjo zikaganda. Alisema amefunga mfuniko. Alirudia kusema mpaka akaambiwa ana kiburi. Wakamwondoa, na aliyetia sahihi ni Ntate Sehlabo. Sasa anauza mboga kituo cha mabasi, na mamaye haongei naye kwa aibu. Friji yake imeshatupwa, hakuna kufuli la kumwonyesha mtu. Ntate Sehlabo anataka kulirudisha jambo hili wizarani, na anajua wataulizia ushahidi ulioandikwa na mtu anayeijua bodi.

Bahasha yako ninayo kifuani, ndani ya nguo. Kwa ajili yangu sikuitumia na nisingeitumia. Kwa ajili ya msichana huyu nakuomba ruhusa. Sema hapana na nitaielewa hapana yako, na bado utakuwa mwanangu niliyemshukuru Mungu kwa ajili yake kila siku ya maisha yangu.

Nasubiri ndege.

Shangazi yako, 'Mabokang


Stellenbosch
12 Septemba 2019

Shangazi yangu,

Nakusalimu, na Anneke anakusalimu. Yeye amelia kwa habari ya Ntate Sehlabo kulala leba, ila alianza kwa kucheka.

Nilimpelekea bosi barua yako, nikamtafsiria yote na yeye akiwa amesimama dirishani. Aliniuliza ni friji ngapi zimepita karakana zenye kibandiko cha sanduku na bodi ya toleo lingine. Nikasema hatujui, na ndiyo maana friji yenyewe lazima iulizwe. Tangu juzi programu yetu inatumwa kila mahali tulikouza. Kutia sahihi amekataa. Kunifukuza bado hajaamua, na mimi sitamsubiri aamue ndipo nikujibu.

Wewe umenilinda tena, bila kuniuliza, kama ulivyozoea. Nakushukuru. Nilikasirika siku moja nzima, kisha nikakushukuru. Lakini ruhusa unayoniomba ilikuwa yako tangu zamani. Bahasha mpya iliyomo humu ina maelezo yale yale, na safari hii chini kuna sahihi ya Anneke. Alitia bila kuombwa, akasema bodi ni yake.

Juu ya sahihi yake ipo yangu, kwa jina nililopewa na wewe. Bokang alinisimulia jinsi ilivyokuwa asubuhi ile mama alipofariki akinizaa. Wazee walitaka niitwe jina la msiba, nawe ukanibeba ukasema huyu ni Tšeliso, faraja, na asiyetaka atoke nje. Relebohile amengoja mwaka mzima mtu aseme kwamba mfuniko ulifungwa. Mpelekee barua hiyo, Shangazi, na jina langu lisomwe kwa sauti.

Mwanao,
Tšeliso